Kwetu Hatupulizi Moto

Niliishi na pumu mjini Nairobi miaka saba kabla ya mtu yeyote kunigundua, na sioni kwa nini nisijisifu. Kuficha pumu ni kazi kuliko kuficha mimba. Mimba angalau haipigi mluzi ukipanda ngazi.

Siku hizo, mwishoni mwa miaka ya sitini, pumu haikuwa ugonjwa wa mtu mmoja. Ilikuwa ya ukoo mzima. Kifua chako kikisikika hadharani, hakuna aliyekuuliza kama umemeza dawa. Waliuliza nyanya yako alikufa na nini. Msichana mwenye pumu, ilisemekana, hawezi kulima, hawezi kubeba maji, atazaa watoto wanaokoroma mchana, na mwisho atafia jikoni kwa watu na kuwaharibia sufuria. Kwa hiyo mama yangu aliponisindikiza kupanda basi kule Ukambani, nikija mjini kutafuta kazi ya kupiga taipu, aliniusia mambo mawili tu. Nisile chakula cha watu nisiowajua, na nikibanwa na kifua nikohoe sana ili wadhani ni mafua. Hayo ndiyo mafunzo yote ya udaktari niliyopata, na mengine nilijifundisha mwenyewe.

Nilipata kazi katika ofisi moja katikati ya mji, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa pambo. Kutoka River Road, nilikoshukia, mpaka kwenye meza yangu, nilikuwa na vituo saba, na vyote nilivichagua kwa kifua. Cha kwanza kilikuwa dirisha la duka la viatu. Nikihisi kifua kinaanza kukaza, nasimama hapo, nakunja uso, natazama viatu vya watu wakubwa huku navuta pumzi polepole kwa pua. Hakuna anayemshangaa mwanamke aliyesimama mbele ya viatu. Taabu ilikuwa kituo cha nne, ambacho kwa bahati mbaya kilikuwa duka la misumari na mabomba. Mwenye duka alinizoea mpaka akawa ananiuliza nyumba yangu imefika wapi, nami nikamwambia tumefika kwenye linta, juu ya madirisha. Hata leo nikimwona mwanamke amesimama muda mrefu akitazama mabomba, najiuliza kama ni mjenzi au ni mwenzangu.

Kwenye ngazi nilikuwa na mtindo mwingine. Nikifika ghorofa ya pili navua kiatu, nashika ukuta, nakikung'uta changarawe. Changarawe haikuwapo. Karani mmoja wa ghorofa ya tatu, mtu mwenye huruma, aliwahi kuniuliza ni barabara gani hiyo ninayopita kila asubuhi, aiandikie halmashauri ya jiji.

Dawa nilinunua kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka kwenye uchochoro wa River Road. Mwanzoni zilikuwa tembe ndogo nyeupe, ambazo zilifungua kifua lakini zikaupeleka moyo mbio na mikono ikatetemeka, nikawa napiga taipu haraka kuliko wote ofisini na kukosea kuliko wote. Baadaye ikaja pampu, kile kikopo unachokifyatua mdomoni. Mzee yule aliifunga kwa gazeti, akaitia katika mfuko wa kaki, akaifunga tena kwa gazeti, akanisukumia bila kunitazama. Wanaume walikuwa wakinunua dawa za kisonono hapo kando yangu kwa sauti ya kuita mbuzi. Mimi ndiye niliyetoka dukani nikiangalia nyuma.

Kuificha pampu nako kulihitaji akili, maana wanawake wenzangu ofisini walikuwa na mazoea ya kutia mkono katika mkoba wa mtu wakitafuta kioo. Nikanunua uzi wa sweta, wa kijani, na sindano mbili. Nikaizungushia pampu uzi mpaka ikapotea katikati ya bonge, nikaacha tundu dogo la mdomo upande mmoja na la kidole upande wa pili. Nikibanwa, nainuka taratibu naelekea msalani na kazi yangu ya mkono. Nilisifika kwa bidii. Sweta yenyewe ilikaa na mkono mmoja kwa miaka minne.

Halafu nikapata mchumba, na hapo ndipo maisha yalipokuwa magumu.

Alikuwa Mluhya, fundi wa mashine za kupiga chapa, mwenye chumba chake Kabiria. Alikuwa na miguu mirefu na imani kwamba mapenzi ni kutembea. Mimi nilipanga Kawangware. Jumamosi tulikutana Adams Arcade, tukazunguka madukani kidogo, kisha badala ya kupanda gari kama watu wenye akili akasema, "Twende tukiongea." Kuongea kwake kulikuwa ni yeye kuongea na mimi kukimbia. Nilimpenda, nisifiche hilo. Nilimpenda mpaka nikakubali kutembea naye, jambo ambalo daktari yeyote angeniambia nisilifanye kwa mtu yeyote.

Nikiishiwa na pumzi, nilinuna. Ndiyo, nilinuna. Nilisimama ghafla, nikakunja mikono, nikageuza uso nikatazama ua wa watu. Mwanamke aliyenuna halazimiki kusema neno wala kupiga hatua, na hakuna mwanaume anayethubutu kumtazama kifuani. Maskini akarudi nyuma. "Nimekosa nini?" Sikumjibu. Ningemjibu kwa pumzi ipi? Basi akaanza kujitafutia makosa. Akaniomba msamaha kwa kuchelewa. Nikanyamaza. Akaniomba msamaha kwa kusema sauti ya mwimbaji fulani wa kwaya ni nzuri. Nikanyamaza. Akaniomba msamaha kwa barua ambayo hakunijibu mwaka uliopita, na kwa msichana mmoja wa huko kwao ambaye sikuwa nimewahi hata kumsikia. Pumzi ilipokaa sawa nikasema, "Haya, yameisha," tukaendelea. Barabara ile ilimfanya mtu mwema kuliko mahubiri yote aliyosikia.

Tulipokubaliana kuoana, mama yake akaja kutoka magharibi kunitazama.

Baba yake mchumba wangu alikuwa amefariki zamani. Mama huyu alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye maneno machache, na sifa ya ukali ilimtangulia. Mwanawe aliniambia kwamba mama yake hakuwa amewasha moto tangu binti yake wa kwanza alipofikisha miaka sita. Alisema si heshima mama mwenye binti kuinama akipuliza makaa. Wasichana ndio waliowasha, yeye akikaa mbali kwenye kigoda akitoa amri. Nikajiambia, mama wee, nimepata mama mkwe malkia.

Nilifika Kabiria asubuhi nimevaa vizuri, na bonge langu la uzi mkobani. Nilimkuta ameketi uani kwenye kigoda. Tulisalimiana, akaniuliza habari za wazazi, akanitazama viatu, akanitazama mikono, kisha akasema, "Mwanangu, washa jiko tunywe chai."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mwenye pumu anayejijua ana namna yake ya kuwasha makaa. Unayapanga, unayamwagia mafuta ya taa kidogo, unatupia kiberiti, halafu papo hapo unakumbuka kwamba umesahau sufuria ndani ya nyumba. Ule moshi wa kwanza, mzito, unajipandia wenyewe kwenda mbinguni na wewe hupo. Ukirudi unachukua kifuniko cha katoni, unasimama upande unakotoka upepo, unapepea kwa mkono ulionyooka. Kuinama na kupuliza kwa mdomo, kamwe.

Mama mkwe alinitazama nikipepea. "Hupulizi?"

"Kwetu hatupulizi moto, mama," nikasema. "Kwetu tunapepea."

Hapa lazima nieleze. Mkamba na Mluhya wakitaka kuoana siku zile, hakuna upande uliojua desturi za upande mwingine, na hakuna aliyetaka kuonekana hajui. Ukishasema "kwetu," umefunga mjadala. Mchumba wangu aliwahi kuniambia kwao mwanaume haoshi vyombo mpaka afikishe miaka hamsini, nikaheshimu hilo mwaka mzima, mpaka siku nilipomkuta mdogo wake anasugua sufuria huku anaimba. Mimi nami nilimwambia kwetu msichana aliyechumbiwa hapandi mlima. Alilikubali bila swali na tukawa tunazunguka.

"Sisi tunapuliza," mama mkwe akasema. "Lakini endelea."

Upepo ukageuka. Moshi ukaelekea kwenye kigoda. Kabla haujafika, yeye alikuwa amekwisha kusimama, amebeba kigoda chake na kuhamia upande wa pili bila haraka, kama mtu anayefuata kivuli. Ila siku ile hapakuwa na jua. Upepo ukageuka tena, akahama tena, na mimi nikahama. Kwa muda mrefu tulilizunguka lile jiko, mimi na mama mkwe wangu mtarajiwa, mmoja na kifuniko cha katoni, mwingine na kigoda, tukizungumza habari za mvua.

Nilikuwa nimeanza kushuku, lakini moshi ukaniwahi kabla sijafika popote na mawazo yangu. Kifua kikafunga. Nikachukua mkoba nikasema naenda kuangalia kama nimehesabu sawa vitanzi vya sweta yangu, nikajipeleka nyuma ya nyumba. Sikusikia miguu yake. Nilipofungua macho alikuwa amesimama mbele yangu, na mimi nimebandika bonge la uzi mdomoni.

Hakuna desturi ya Kikamba inayoelezea hilo. Nilitafuta, sikuipata.

Alivua kitambaa chake cha kichwa, akafungua fundo lililokuwa kwenye ncha, akanyoosha kiganja. Palikuwa na tembe tano ndogo nyeupe, zile zile nilizozijua.

"Unameza hizi pia," akaniuliza, "ama ni hiyo ya kisasa tu?"

Tulikaa chini pale pale, migongo ukutani, makaa yakijiwakia wenyewe uani. Alikuwa na pumu tangu msichana. Alikuwa amezaa watoto sita nayo. Mume wake alizikwa bila kujua. "Nililala nimeketi miaka ishirini na mingapi sijui," akasema. "Aliamini ni maombi. Aliniogopa sana kwa hayo maombi." Na ule umalkia wote wa kigoda, wale mabinti waliowekwa jikoni wakiwa na miaka sita, yote yalikuwa moshi tu. Hakupenda kuamrisha watu. Alipenda kupumua.

Nilicheka mpaka nikabanwa tena. Yeye akacheka mpaka akabanwa. Tukapokezana bonge la uzi. Nilimwonyesha namna ya kuitumia, tikisa kwanza, toa pumzi yote, halafu ufyatue na kuvuta kwa pamoja, ukae nayo. Alipoiachilia ile pumzi akasema, "Kumbe hewa ni tamu hivi."

Lakini alikuwa mtu wa kufikiri mbele. "Sikiliza," akaniambia. "Mimi nimenyamaza, na nitanyamaza. Taabu ni shangazi yake." Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu mume wake, na kwa kuwa mwenye nyumba hakuwapo, yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Angekuja mwezi wa saba kumwona bibi arusi kabla ng'ombe hawajapelekwa Ukambani. Alikwisha kuwarudisha wasichana wawili, mmoja kwa sababu ya jicho na mwingine kwa sababu ya namna alivyocheka. "Akikusikia kifua, hakuna ng'ombe atakayetoka kwetu. Na mwanangu hatamwasi."

Nilijua hatamwasi. Ni mtu aliyekuwa akiniomba msamaha kwa makosa ambayo hakufanya.

Jioni hiyo hiyo mama mkwe alimwita mwanawe akamwambia kwa uso mkavu kwamba kwao, mama akimtembelea mwanawe aliye karibu kuoa, ni mwanawe anayewasha jiko, na akishaoa anaendelea kuwasha, ili nyumba iwe na baraka. Mchumba wangu akauliza mbona hajawahi kusikia. Mama yake akamtazama kwa masikitiko. "Ungesikia wapi, na wewe hukai jikoni?" Wanaume hujua desturi za ng'ombe. Za jikoni huambiwa tu. Tangu siku hiyo akawa anawasha jiko, anapuliza kwa mapafu yake makubwa kama ya mpiga tarumbeta, na sisi wawili tumekaa ndani tukisifu baraka.

Mwezi wa saba shangazi akafika. Alikuwa mmoja lakini alitosha watatu. Alishuka na kuku, mwavuli na ile sura ya mtu aliyekwisha kukataa. Na Nairobi ya mwezi wa saba mnaijua. Baridi, manyunyu, makaa yana unyevu. Jiko likaingizwa chumbani kwa sababu ya mvua, mlango ukafungwa nusu kwa sababu shangazi aliona baridi. Nilitafuta upepo unatoka wapi. Hakukuwa na upepo.

Mchumba wangu akachukua kiberiti, akainama kama alivyozoea.

"Wewe unafanya nini?" shangazi akauliza.

"Nawasha jiko, shangazi."

"Na hawa wanawake wamekufa?"

"Ni desturi yetu," akasema, na akamwelezea habari za baraka, kwa fahari kabisa.

Hapo ndipo tulipokosea, mimi na mama mkwe wangu mwerevu. "Kwetu" ilikuwa imetuokoa kwa kila mtu, tukasahau kwamba anakuja mtu ambaye kwetu hiyo ni kwake. Shangazi alizaliwa katika nyumba ile. Alizijua desturi zake zote, na zile ambazo hazikuwapo alizijua pia.

"Desturi ya nani?" akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyemwosha baba yako alipokuwa mchanga. Desturi hiyo nimeipita wapi?" Akamnyang'anya kiberiti, akanigeukia. "Njoo wewe. Washa. Na upulize kwa mdomo, nisije nikaambiwa sijaona."

Nilimweleza kwamba kwetu tunapepea. Akaniambia niko kwao.

Basi nikapiga magoti. Nilimtazama mchumba wangu aliyesimama hapo bila kujua mikono aiweke wapi, nikafikiri, haya, ndio mwisho, nimetembea nawe bure kutoka Adams Arcade miaka miwili. Nilikuwa naogopa kwelikweli. Moshi sikuuogopa sana. Niliogopa kurudi Kawangware peke yangu.

Kabla sijainama, mkono ukanishika bega ukanisukuma kando. "Wacha, mwanangu," mama mkwe akasema. "Leo wifi yangu amekuja kutoka mbali, nitamwashia mimi."

Shangazi akashangaa, maana miaka mingi hajamwona huyu akiwasha moto. Mama mkwe akachukua kiberiti, akawasha, akainama. Akapuliza mara moja, mara mbili, mara tatu. Makaa yale mabichi yakatoa moshi wa manjano ukajaa chumba. Mara ya nne hakupuliza. Alishika ukingo wa meza, akainuka nusu, mabega yakapanda juu, na ule mluzi ukaanza, mwembamba, ambao mimi niliujua kuliko nilivyoujua wimbo wowote wa kanisani.

Mchumba wangu alifikiri mama yake amepaliwa, akaanza kumpiga mgongoni. Shangazi akasema apewe maji. Mama mkwe akapapasa fundo la kitambaa chake, akalifungua, halikuwa na kitu. Na hata kama lingekuwa nazo, tembe huchukua nusu saa.

Sasa nitasema jambo ambalo silipendi. Nilingoja. Bonge lilikuwa mkobani, mkoba ulikuwa begani, na mimi nilingoja. Nilijiambia itapita, atatoka nje, atapata hewa. Nilihesabu pumzi zake, na kila moja ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi na bado nilimtazama shangazi kwanza, niangalie kama anatazama. Sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau wakati ule, na haukuwa muda mrefu, lakini ulikuwapo.

Kisha mama mkwe akanitazama, akatikisa kichwa. Alikuwa anakataa. Alikuwa ananiambia nisiitoe.

Nikaitoa. Nililipasua lile bonge kwa meno, uzi wa kijani ukamwagika mpaka miguuni pa shangazi. Nikaitikisa pampu, nikamwinua mama kidevu, nikamwambia toa pumzi, yote, sasa vuta, kaa nayo, usiiachilie. Tena. Nikamwambia mchumba wangu afungue mlango na kutupa hilo jiko nje mvuani, na kwa mara ya kwanza nikamfokea mtu wa ukoo huo. Tulikaa hivyo mpaka mabega yake yakashuka na mluzi ukapungua, na kilichobaki kikawa sauti ya mvua juu ya mabati.

Shangazi hakuwa mjinga. Alitazama uzi miguuni pake, akatazama pampu, akanitazama mimi. "Na wewe," akasema, "hiyo kitu umejulia wapi?"

Sikuwa na "kwetu" yoyote iliyobaki.

"Yangu," mama mkwe akasema.

Alingoja apate pumzi ya neno la pili. "Hiyo ni yangu. Mimi ndiye mgonjwa. Nilimpa anibebee, kwa sababu nilikuwa nawaficha nyinyi."

Shangazi alikaa. "Tangu lini?"

"Tangu kabla hamjatoa ng'ombe."

"Wifi. Ulitudanganya."

"Niliwadanganya," mama mkwe akakubali. "Nirudisheni basi."

Watoto sita, wajukuu wanakuja, mume kaburini, na yeye anaomba arudishwe kwa baba yake ambaye naye alikwisha kufa. Shangazi akaliacha hilo. Lakini hakuwa amemaliza nami. "Na huyu? Kifua chake kikoje?"

"Huyu?" mama mkwe akasema. "Huyu hupanda ghorofa nne kila siku kwa miguu."

Ambayo ilikuwa kweli kabisa. Habari za changarawe hazikuulizwa.

Ng'ombe walitoka. Shangazi alipoondoka alimwambia kila mtu njiani na kule nyumbani kwamba mke wa ndugu yake ana pumu na aliolewa kwa hila, na mama mkwe akaishi na maneno hayo sokoni, kisimani na kanisani mpaka mwisho. Miaka yote ile aliyolala ameketi, na siri yote ile, aliitoa kwa siku moja, kwa ajili ya mtoto wa watu. Pampu yangu nayo akaondoka nayo, maana ilikuwa yake sasa. Nilipomsindikiza kwenye basi nilimuuliza kwa nini. Alinitazama kana kwamba nimeuliza maji ni ya nini. "Mimi nimeshazaa," akasema. "Wewe bado."

Bonge la uzi lilikuwa limeharibika, nikaona nimalize sweta. Nilifuma mkono wa pili, ukatoka mrefu kuliko wa kwanza kwa sababu nilikuwa nimesahau kufuma, nikampelekea. Aliivaa kila Jumapili, mkono mmoja ameukunja. Alifariki miaka ya sabini ikielekea mwisho, kwa ugonjwa wa tumbo ambao haukuhusiana na kifua hata kidogo, jambo ambalo najua lilimfurahisha.

Tuliporudi Kabiria kutoka mazishini nilimwambia bwana yangu yote. Nilikuwa nimemzalia watoto watatu, na nilikuwa nimechoka kwenda msalani na pampu mpya ndani ya bonge jipya la uzi. Nilimwambia pampu ile haikuwa ya mama yake. Nilimwambia alichofanya mama yake. Nililia nikisema hivyo, nikabanwa, nikaitoa pampu mbele yake, nikaivuta, naye akanitazama mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo kuwasha jiko si desturi yetu," akasema mwishowe.

"Si desturi. Shangazi alisema kweli."

"Na kule kununa, kule Adams Arcade?"

"Pumzi."

Akafikiri sana juu ya hilo. Niliona anazipitia samahani zake zote, moja moja, hadi ile ya msichana wa kwao. Kisha akatoka nje akakaa kwenye kile kigoda cha mama yake mpaka giza likaingia, na mimi sikumfuata.

Asubuhi niliamka nikasema, haya, leo ni zamu yangu, siri imekwisha na baraka zake. Nikatafuta kiberiti, sikukiona. Nilipofungua mlango nilimkuta uani amepiga magoti, macho mekundu kwa moshi, anapuliza makaa, na mtoto wetu wa kiume amesimama kando yake na kifuniko cha katoni.

"Si nimekwambia si desturi," nikamwambia.

"Ya kwenu sijui," akasema bila kugeuka. "Kwetu, mwanaume ndiye anayewasha. Rudi ndani, upepo unakuja huko."